Kwake na Kwao: Safari ya Kurudi Ulaya kutoka Pwani ya Kusini ya Ziwa Viktoria

1. Utangulizi

Kata ya Kiseke imo katika Manispaa ya Ilemela, nje kidogo ya katikati ya jiji la Mwanza. Ni mtaa wa makazi, wenye nyumba za watumishi, wafanyabiashara na wastaafu, na haiko mbali na uwanja wa ndege uliojengwa kandokando ya ziwa. Katika mtaa wa namna hii si ajabu kumkuta mtu aliyezaliwa Ulaya ambaye ameishi miaka mingi hadi majirani wameacha kumwita mgeni. Siku moja mlango wake unaonekana umefungwa. Jirani akiuliza habari zake, anaweza kupewa jibu moja kati ya haya matatu: "Amekwenda Ulaya kuwaona wazazi wake", "Amerudi Ulaya", au "Amekwenda kwao".

Kwa mtazamo wa harakaharaka, majibu haya matatu yanasema jambo moja. Kwa mzawa wa lugha, hata hivyo, kila moja lina habari yake. Jibu la kwanza linaeleza safari yenye shabaha na mwisho: aliyekwenda kuwaona wazazi anatarajiwa kurejea. Jibu la pili lina utata, kwa sababu kitenzi -rudi chaweza kumaanisha kwamba ameondoka moja kwa moja. La tatu halitaji nchi wala shabaha, linataja uhusiano. Isitoshe, mtu huyohuyo akishuka kwenye ndege Mwanza miezi miwili baadaye, majirani watasema kwa neno moja tu: "Amerudi". Basi amerudi Ulaya, kisha amerudi kutoka Ulaya. Kitenzi ni kilekile, na msafiri ni yuleyule, lakini mahali pa kurudia ni pawili.

Mhadhara huu unachunguza historia ya jambo hilo katika pwani ya kusini ya Ziwa Viktoria. Unaanza na historia ya neno Ulaya lenyewe, kisha unaangalia namna Kiswahili kinavyotofautisha kwake na kwao. Baada ya hapo tofauti hiyo inatumiwa kusoma maisha ya Wazungu wanne waliokuwa katika pwani hii kati ya mwaka 1889 na 1890, ambao kila mmoja alikabiliwa na swali la kurudi Ulaya, na kila mmoja akalijibu kwa njia yake. Hoja inayojengwa ni kwamba sarufi ya Kiswahili inaweza kumsaidia mwanahistoria kuona mambo ambayo lugha za wahusika wenyewe huyaficha.

2. Ulaya na wilaya: neno moja, njia mbili

Mkazi wa Kiseke anaishi katika Wilaya ya Ilemela. Jirani yake aliyesafiri amekwenda Ulaya. Ni wachache wanaotambua kwamba maneno hayo mawili ni ndugu wa tumbo moja. Asili ya yote mawili ni neno la Kiarabu wilaya, lenye maana ya mamlaka, na hatimaye eneo lililo chini ya mamlaka, yaani jimbo. Katika dola ya Waturuki neno hilo lilitumika kwa majimbo. Katika Uajemi na Bara Hindi liliendelea kupanuka maana, likawa nchi, na hasa nchi ya asili ya mtu aliye ugenini. Waingereza waliokaa Bara Hindi walipotaja nchi yao, watu wa huko waliiita vilayat. Askari wa Uingereza walilichukua neno hilo, wakalipindua kwa matamshi yao likawa Blighty, na katika Vita Kuu ya Kwanza likawa neno lao la mapenzi kwa nyumbani kulikokuwa mbali.

Inaelekea kwamba Kiswahili kililipata neno hili kwa njia ya Bahari ya Hindi, kupitia mawasiliano ya bandari ambamo Waarabu, Wahindi na Waswahili walifanya biashara pamoja. Ushahidi mmojawapo ni neno ulaiti, lililokuwa jina la kitambaa cha pamba kutoka Ulaya, ambalo linafanana na kivumishi cha Kihindi vilayati, yaani "cha nchi ya ng'ambo". Hivyo neno lililoanza kama "nchi ya kwao yule mgeni" likawa jina la mahali mahususi. Msemaji wa kwanza alikuwa akitaja uhusiano. Msikilizaji akasikia jina la nchi.

Kimofolojia, mabadiliko hayo yalikuwa na matokeo ya kuvutia. Silabi ya mwanzo ya neno ilipogeuka kuwa u-, neno lilijikuta miongoni mwa majina ya nchi yenye kiambishi u-: Uingereza, Ufaransa, Ureno, Unyamwezi, Usukuma. Lugha za bara zililipokea likiwa na sura hiyo, nazo zikalifasiri kwa kutumia kiambishi chao chenye kazi ileile. Waganda husema Bulaaya. Wanyarwanda husema Uburayi. Watu hawa hawakuiga sauti tu. Waliuchambua muundo, wakaona kwamba u- ni kiambishi cha nchi, wakaweka bu- mahali pake. Neno la Kiarabu likawa limepewa uraia wa Kibantu. Hata hivyo uraia huo una kasoro moja. Kutokana na Usukuma hupatikana Msukuma, na kutokana na Ufaransa hupatikana Mfaransa. Lakini kutokana na Ulaya hapatikani *Mlaya. Mtu wa Ulaya huitwa Mzungu, neno ambalo wataalamu wengi hulihusisha na kitenzi zunguka. Kwa hiyo Kiswahili kina jina la nchi ambalo chanzo chake ni "nyumbani", na jina la mwenyeji wa nchi hiyo ambalo linaelekea kumtaja kama mtu wa kuzungukazunguka.

3. Kwake na kwao

Mwanafunzi mgeni anayejifunza Kiswahili hufundishwa mapema kwamba -ake ni kimilikishi cha nafsi ya tatu umoja, na -ao ni cha wingi. Anapokutana na sentensi "Anna amekwenda kwao", hushangaa. Anna ni mmoja. Kwa nini asiende kwake? Jibu ni kwamba kwake na kwao si umoja na wingi wa kitu kimoja. Kwake ni pale mtu anapoishi, penye kitanda chake na jiko lake. Kwao ni pale alipotoka, penye wazazi, ndugu na makaburi. Ndivyo ilivyo pia kwa kwangu na kwetu, kwako na kwenu. Mtu anaweza kukaribisha wageni kwake Kiseke, huku kila mmoja akifahamu kwamba kwao ni Ukerewe, Musoma au Bukoba.

Wingi huo hauko pale kwa bahati. Lugha inasema kwamba nyumbani pa asili hapamilikiwi na mtu mmoja. Kimilikishi kiko katika wingi kwa sababu mwenye mahali hapo ni kundi, na mtu binafsi ana sehemu tu katika kundi hilo. Ndiyo maana methali husema "Mkataa kwao ni mtumwa", wala haisemi "mkataa kwake". Anayekiacha kwake amehama tu. Anayekikataa kwao amejikata kutoka katika watu, na katika jamii ya karne ya 19 mtu asiye na watu wa kumdai au kumtetea alikuwa katika hatari ya kweli ya kufanywa mtumwa. Methali hiyo haikuwa tamathali tupu kwa wale walioitunga.

Watu wa pwani ya kusini ya ziwa waliifahamu tofauti hiyo kwa vitendo. Wasukuma na Wanyamwezi walikuwa mashuhuri kwa upagazi. Vijana waliondoka na misafara hadi Bagamoyo na Unguja, wakakaa miezi au miaka, kisha wakarejea makwao na nguo, chumvi au majembe. Kuondoka na kurudi lilikuwa jambo lenye utaratibu unaofahamika. Wazungu wa kwanza walipofika katika pwani hiyo, wenyeji hawakushangaa kuona watu walioacha makwao. Jambo la kuuliza lilikuwa watarudi lini.

4. Mwaka mmoja, pwani moja

Mwishoni mwa Agosti 1889 msafara mkubwa uliingia Usambiro, kusini mwa ziwa. Uliongozwa na Henry Morton Stanley, aliyekuwa ametumwa kumwokoa Emin Pasha, gavana wa jimbo la Ikweta huko Sudani ya kusini. Emin mwenyewe alikuwamo msafarani. Mwenyeji wao alikuwa Alexander Mackay, mmisionari wa shirika la Kianglikana la CMS. Umbali wa safari si nyingi kutoka hapo, katika Kamoga, Bukumbi, sehemu ambayo leo iko katika Wilaya ya Misungwi, palikuwa na kituo cha Mapadri Weupe, ambao askofu wao alikuwa Léon Livinhac. Katika muda usiozidi mwaka mmoja, wote wanne walikuwa wameondoka pwani hiyo, mmoja wao kwa kufa.

4.1 Mackay: aliyekuwa na kwake

Mackay alizaliwa mwaka 1849 katika kijiji cha Rhynie, Uskoti. Baba yake alikuwa mchungaji na mwandishi wa vitabu vya jiografia. Yeye mwenyewe alisomea uhandisi, akafanya kazi Berlin, kisha akaondoka Uingereza Aprili 1876. Alifika Buganda Novemba 1878, mwaka mmoja baada ya wenzake wawili, Shergold Smith na O'Neill, kuuawa Ukerewe. Huko alifua chuma, akajenga, akachapa vitabu na kufundisha. Kabla ya maandiko ya Kiganda kuwa tayari, alitumia tafsiri za Kiswahili zilizotayarishwa Unguja na Askofu Edward Steere, kwani Kiswahili kilikwisha kuwa lugha inayofahamika katika ikulu ya Kabaka. Jina alilopewa lilikuwa la Kiswahili pia: Mzungu wa kazi. Waswahili husema "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe". Mackay alikuwa amelishika jembe kwa muda mrefu, na jina hilo linaonyesha kwamba watu walikuwa wameacha kumhesabu miongoni mwa wapita njia.

Alipofukuzwa Buganda Julai 1887, hakuelekea pwani ya bahari. Alivuka ziwa, akajenga upya Usambiro. Wakati huo wakuu wake London walikuwa wakimshauri arudi nyumbani kupumzika. Tarehe 2 Januari 1890 aliwaandikia barua iliyokuja kuwa mashuhuri katika historia ya misheni. Alishangaa kwamba wanamwita wakati watenda kazi ni wachache kiasi kile. Akawataka wamtumie kwanza watu 20. Pengine hapo angeshawishika kwenda kuwasaidia kuwatafuta 20 wengine. Tarehe 8 Februari mwaka huohuo alifariki kwa malaria, akiwa na umri wa miaka 40. Tangu siku alipoondoka Uingereza hakuwa ameiona tena. Alizikwa Usambiro, na baadaye mabaki yake yakahamishiwa Namirembe, Kampala.

Je, Mackay alikuwa mkataa kwao? Barua yake yaweza kusomwa hivyo. Lakini tukio lililofuata linapinga usomaji huo. Kitabu kikuu cha kwanza juu ya maisha yake kilichapishwa mwaka 1890, na aliyekiandika ni dada yake, akitumia barua ambazo Mackay alikuwa ameandika nyumbani kwa muda wa miaka 14. Mtu aliyewaandikia ndugu zake kiasi cha kujaza kitabu hakuwa amekatana nao. Alichokuwa amekifanya ni kukubali kwamba kwake na kwao ni mahali pawili tofauti, na kwamba kazi yake iko kwake. Kiingereza, ambacho hutumia neno moja kwa vyote viwili, kilifanya ionekane kana kwamba alikuwa akichagua kati ya kuwa na nyumbani na kutokuwa napo.

4.2 Emin: aliyepoteza vyote viwili

Kisa cha Emin ni kinyume. Alizaliwa mwaka 1840 huko Silesia, katika ufalme wa Prussia, kwa jina la Eduard Schnitzer, katika familia ya Kiyahudi. Alisomea udaktari, akaondoka mwaka 1864 na kuingia katika utumishi wa dola ya Waturuki. Mwaka 1875 alirudi nyumbani Neisse baada ya kutokuwapo kwa zaidi ya mwongo mmoja. Alikuja na mjane wa afisa wa Kituruki aliyekuwa amemtumikia, pamoja na watoto na watumishi wa mjane huyo. Baada ya miezi michache aliondoka ghafla, akawaacha wote pale. Mwishoni mwa mwaka alikuwa Khartoum, akiitwa Mehemet Emin. Ziara hiyo ya 1875 ndiyo ilikuwa ya mwisho.

Alipokuwa Usambiro mwaka 1889, alikuwa anapelekwa Ulaya karibu kwa nguvu. Jimbo lake lilikuwa limemponyoka kwa maasi ya askari wake. Msafara uliondoka katikati ya Septemba na kuwasili Bagamoyo tarehe 4 Desemba. Usiku huohuo, katika karamu ya kumpongeza, Emin, ambaye macho yake yalikuwa mabovu sana, alianguka kutoka ghorofani akaumia vibaya. Stanley aliendelea na safari. Emin alibaki hospitalini Bagamoyo, na alipopona hakupanda meli. Aliingia katika utumishi wa Wajerumani, na Aprili 1890 akaanza safari ya kurudi bara. Novemba mwaka huo aliasisi kituo cha Bukoba, upande wa pili wa ziwa lilelile alilokuwa ameondolewa. Oktoba 1892 aliuawa mashariki mwa Kongo.

Kwa Emin, kitenzi -rudi kinakosa mahali pa kukaa. Jimbo la Ikweta lilikuwa kwake kwa zaidi ya miaka kumi, nalo lilikuwa limetoweka. Neisse kulikuwa kwao, naye alikuwa amekukimbia. Aliyekwenda huko hatimaye ni binti yake Ferida, ambaye mama yake alikuwa Mhabeshi. Alipelekwa Ujerumani kulelewa na shangazi yake, dada wa Emin. Hapa sarufi inatoa jibu ambalo historia ya watu mashuhuri hailitoi. Ferida hakuwahi kuiona Ujerumani, kwa hiyo hakuweza "kurudi" huko. Lakini kwa kuwa kwao ni mahali pa kundi, palikuwa kwao kabla hajapaona. Baba alikataa, shangazi akapokea.

4.3 Stanley na Livinhac: waliorudi

Stanley ndiye aliyefanya safari ambayo magazeti ya Ulaya yaliita kurudi kwa ushindi. Aprili 1890 alipokewa London kwa shangwe, na Julai mwaka huohuo alifunga ndoa katika kanisa la Westminster. Lakini London haikuwa kwao. Alizaliwa Denbigh, Wales, mwaka 1841, nje ya ndoa, kwa jina la John Rowlands, na utotoni alipelekwa na watu wake katika nyumba ya maskini huko St Asaph. Jina la Stanley alilipata Marekani. Miaka 18 kabla, mwezi Machi 1872, alikuwa ameagana na David Livingstone katika eneo la Tabora baada ya kushindwa kumshawishi warudi pamoja Uingereza. Mzee huyo alirudi akiwa maiti, amebebwa na Chuma, Susi na wenzao hadi Bagamoyo, kisha kwa meli. Stanley alijua vizuri kuwarudisha wengine, au kujaribu. Yeye mwenyewe alirudi kwenye umaarufu, na umaarufu haukuwa na mzazi wa kumfungulia mlango.

Livinhac alirudi kwa utii. Mfaransa huyu alikuwa amefika katika nchi za ziwa mwaka 1879 pamoja na kundi la kwanza la Mapadri Weupe. Waliondoka Buganda mwaka 1882 na kuhamia Bukumbi, kisha wakarudi Buganda baadaye. Mwaka 1889 aliteuliwa kuwa mkuu wa shirika lote. Mei 1890, huko Kamoga, alimweka wakfu Jean-Joseph Hirth kushika nafasi yake, kisha akaanza safari pamoja na kundi la vijana Wakristo wa Buganda. Septemba mwaka huo vijana hao walionekana Paris katika mkutano wa kupinga utumwa ulioitishwa na Kardinali Lavigerie. Kwa Livinhac hiyo ilikuwa Ufaransa yake. Kwa vijana hao ilikuwa Bulaaya, neno lililosafiri hadi midomoni mwao likiwa na maana ya kwao mtu mwingine. Hata hivyo Livinhac hakukaa Ufaransa. Makao makuu ya shirika yalikuwa karibu na Algiers, na huko ndiko alikoliongoza hadi kufariki kwake mwaka 1922. Mtawa huahidi kuwa kwao kutakuwa shirika lake. Yeye aliishi ahadi hiyo bila kubakiza.

5. Kwao ni watu

Mifano hiyo minne inaweza kumfanya msomaji adhani kwamba suala la kurudi huamuliwa na msafiri peke yake. Historia ya pwani ya Waswahili ina mfano unaosahihisha dhana hiyo, nao unaelekea upande wa pili. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said bin Sultan, aliondoka Unguja mwaka 1866, akaolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani Heinrich Ruete, na kuishi Hamburg kwa jina la Emily Ruete. Mume wake alifariki mwaka 1870. Mwaka 1885, baada ya karibu miaka 20, alirejea Unguja na watoto wake kwa ulinzi wa manowari za Kijerumani, akitaka kukutana na ndugu zake na kudai urithi wake. Kaka yake, Sultani Barghash, hakumpokea. Alijaribu tena mwaka 1888, baada ya Barghash kufariki, na bado hakufanikiwa. Alifariki Jena mwaka 1924.

Salme alirudi Unguja. Hakuna awezaye kukanusha kwamba miguu yake ilikanyaga mchanga uleule. Lakini kama kwao ni mahali pa kundi, basi kundi lina uwezo wa kufunga mlango. Mtu anaweza kukataa kwao, na vilevile kwao kunaweza kumkataa mtu. Mackay hakurudi, na nafasi yake miongoni mwa ndugu ilibaki. Salme alirudi mara mbili, na nafasi hiyo hakuipata. Umbali unaopimwa kwa kimilikishi kwao si umbali wa njia.

6. Kutoka msafara hadi livu

Umbali wa njia nao ulibadilika upesi. Msafara wa 1889 ulichukua zaidi ya miezi miwili na nusu kutoka Usambiro hadi Bagamoyo, na hapo bado bahari. Mwaka 1901 reli kutoka Mombasa ilifika ziwani Kisumu, na meli za mvuke zikaiunganisha Mwanza nayo. Mwaka 1928 reli ya Tabora ilifika Mwanza. Tarehe 28 Februari 1931 shirika la ndege la Imperial Airways lilianzisha huduma ya kila wiki kutoka London, na kituo cha mwisho cha huduma hiyo hapo mwanzoni kilikuwa Mwanza. Safari ilichukua takribani siku 10.

Mabadiliko hayo yalileta msamiati mpya. Watumishi wa serikali ya kikoloni walikuwa na zamu za kazi, na kila zamu ilimalizika kwa mapumziko marefu nchini kwao. Neno livu likaingia katika Kiswahili cha maofisini na majumbani: Bwana amekwenda livu, Bibi atarudi na Bwana baada ya livu. Kwa mara ya kwanza kwenda kwao kukawa haki iliyoandikwa katika mkataba, yenye tarehe ya kuanza na ya kumalizika. Swali lililowatesa akina Mackay likawa limehamishiwa kwa karani. Lakini jambo moja lilipotea katika uhamisho huo. Aliyejua kwamba atakwenda livu baada ya kila zamu hakulazimika kamwe kupafanya Mwanza pawe kwake. Aliishi katika nyumba ya serikali, akahesabu miezi, na majirani wake Waafrika nao walimhesabu kama mtu wa zamu.

7. Hitimisho

Mhadhara huu umeonyesha mambo matatu. Kwanza, neno Ulaya lilianza safari yake likitaja uhusiano wa mtu na nchi yake, likaishia kuwa jina la bara. Na lugha za ndani, kwa kulipa kiambishi bu-, zilikamilisha mabadiliko hayo. Pili, maana ya asili iliyopotea katika Ulaya imehifadhiwa katika kwao, ambamo wingi wa kimilikishi unaeleza kwamba nyumbani pa asili ni pa kundi. Tatu, tofauti ya kwake na kwao inatoa kipimo cha kusomea historia ya wasafiri ambacho lugha yenye neno moja kwa vyote viwili haina.

Yapo matokeo ya kiutendaji. Kwa mtunga kamusi, kwao yenye maana ya nyumbani pa asili inastahili kidahizo chake, pamoja na kwetu na kwenu, badala ya kuachwa ndani ya jedwali la vimilikishi ambamo mwanafunzi hawezi kuibaini. Kwa mfasiri wa barua na shajara za karne ya 19, kila pahala panapotajwa nyumbani panadai uamuzi: je, mwandishi anazungumzia kwake au kwao? Barua ya Mackay ya Januari 1890 haiwezi kufasiriwa vyema kwa Kiswahili bila kulijibu swali hilo, na jibu hubadilisha sura ya mtu mwenyewe.

Kwa mkazi wa Kiseke swali hili halihitaji nadharia. Nyumba imefungwa, jirani amekwenda kwao kuwaona wazazi wake ambao sasa ni wazee. Ufunguo ameuacha kwa mama wa nyumba ya pili, na maua yanamwagiliwa. Hakuna anayeuliza kama amehama, kwa kuwa kila mmoja anafahamu kwamba mtu anaweza kwenda kwao bila kuacha kuwa na kwake. Mtoto wa jirani anapouliza yuko wapi, anajibiwa kwa sentensi ambayo kila neno lake limekwisha kuchambuliwa katika kurasa hizi, na ambayo mtoto huielewa bila uchambuzi wowote: amekwenda kwao, atarudi.